Upande wa Pili wa Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kazi ya kuwatazama wenzangu.

Mpaka Ijumaa nilikuwa kaunta ya chini. Napokea mafurushi ya mashuka machafu ya hospitali na ya nyumba za wageni, nayafunga vibandiko, nayasukuma kwa wafuaji. Asubuhi hii Bosi kaniita ofisini. Ofisi yake ina kiti kimoja, na anakikalia yeye. Akasema msimamizi wa chumba cha pasi ameacha kazi, na kwa jinsi ninavyopenda kuuliza maswali, afadhali niulize nikiwa na cheo. Nikafurahi. Furaha yenyewe haikufika mlangoni.

"Kuna jambo moja," akasema. "Nataka kununua mashine ya pili ya kukaushia. Mshahara wa mtu mmoja wa chumba cha pasi utaingia humo. Mvua ikikatika, uniletee jina."

"Jina la nani?"

"Hilo ndilo ninalokutuma ukaliangalie. Ubao upo, utakusaidia. Ubao hauna shangazi wa kumpendelea."

"Na nikishindwa kuchagua?"

"Basi nitajua ni nani wa kuondoka," akasema, akaokota simu yake.

Naandika haya kwa sababu sina wa kumwambia. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani. Mama mkwe yupo chumba cha nyuma, lakini kumwambia mama mkwe wangu siri ni sawa na kuipeleka redioni. Jioni kaniuliza mbona nimenuna na nimepandishwa cheo. Nikasema ni mvua.

Jumanne, 4 Machi

Chumba cha pasi kiko ghorofani, juu ya mashine. Sakafu inatetemeka mashine zikizunguka, na mvuke umefanya dari kuwa na ramani za nchi zisizokuwepo. Meza tano, pasi tano. Ukutani kuna ubao mweusi wenye majina matano, na kila unapomaliza kupiga pasi na kukunja shuka unaweka alama yako ya chaki. Juu ya ubao mtu alichora zamani kwa rangi nyekundu: KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA. Chini yake kila kidole kina hesabu yake. Nimesimama nikavitazama vyote viwili mpaka nikahisi kizunguzungu.

Majina ya ubaoni ni ya utani, yamewaganda. Meza ya kwanza ni Umeme, mwanamume mwembamba mwenye mikono inayokwenda kabla yake. Anaongoza kila siku na anapenda ukijua. Ya pili na ya nne ni Kurwa na Doto, ambao si mapacha wala ndugu, ila hawajawahi kwenda chooni mmoja bila mwenziwe. Dirishani yuko Bwana Harusi, amekuwa akioa mwaka wa tatu sasa. Meza ya katikati ni ya mwanamke mkubwa kidogo kuliko mimi, mpole, wa mwisho ubaoni kila siku. Anaitwa Konokono.

Mimi pia nimepewa langu kabla ya chai. Wananiita Mama Kwanini.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Toroli la wodi ya watoto limechelewa kidogo. Nimeuliza kwa nini, wakacheka.

Jumatatu, 10 Machi

Kila nikiinua macho, meza ya Konokono haina mtu. Pasi yake imesimama kwa kisigino, shuka limetandazwa nusu, mwenyewe hayupo. Mara yuko kwa Umeme, mara kwa Doto, mara dirishani kwa Bwana Harusi. Mtu anaita "Nishikie", naye huyo, kwa mwendo ule ule wa pole, kama anakwenda kumsalimia jirani. Halafu anarudi, pasi imepoa, anaanza upya.

Nimejisemea: huyu anapenda kuzurura. Wapo watu wa namna hiyo, kazi ikiwachosha wanatafuta mazungumzo. Jioni Umeme alikuwa na msitu wa chaki mbele ya jina lake. Konokono alikuwa na kichaka.

Jina halijanisumbua kichwa leo. Linajileta lenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Dereva wa hospitali kapanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa sababu ana tumbo na ngazi zetu ni nyembamba. Akasema mashuka yanapungua. Wanatoa machafu mengi, wanarudishiwa safi kiasi, na yanayobaki yanakuja kesho yake au keshokutwa. "Matroni amesema nikuulize wewe, si Bosi. Bosi anajibu kama anaimba."

Nikashuka kwa Baba Povu, mkuu wa wafuaji. Mikono yake imejikunja kama zabibu kavu kwa maji ya miaka yote. Nikamuuliza mashuka yako wapi.

"Mimi nafua, nakausha, napandisha," akasema. "Yakishapanda huko kwenu, ni kama mtoto aliyeolewa mbali. Habari zake nazisikia kwa watu."

"Unaniambia kuna mwizi juu?"

"Nimekuambia nafua, nakausha, napandisha."

Jumatatu, 17 Machi

Mvua haina adabu, inaingia dirishani. Bwana Harusi amesogeza meza yake, sasa anagombana na Doto kuhusu mpaka.

Udaku wangu umepata kazi. Kaunta bado nina vibandiko vyekundu ambavyo hatuvitumii. Nimevibana kwenye pindo za mashuka kadhaa ya hospitali kabla hayajapanda, mahali ambapo macho ya mtu mwenye haraka hayafiki. Toroli likishuka jioni nitaona vipi vimerudi.

Baadaye: vimerudi vichache.

Jumanne, 18 Machi

Ninamshuku Konokono, na niandike hapa kwa nini, ili nisije kujidanganya baadaye. Ndiye anayefika kila meza. Ndiye asiyekaa mahali. Na mtu mpole mno huwa ananitia wasiwasi, sijui nilirithi wapi tabia hiyo.

Wakati wa chakula nimepekua chini ya meza yake. Nimekuta viatu vya akiba, mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika, na kopo la chakula alilolifunga kwa kitambaa. Hakuna shuka hata moja. Nilipoinuka alikuwa amesimama mlangoni.

"Umepoteza kitu, dada?" akaniuliza.

"Chaki," nikasema.

Akatoa kipande cha chaki mfukoni mwake, akanipa. Ni kirefu, karibu kizima. Chaki ya Umeme hubaki kama punje ya mchele.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeyapata.

Mezani kwa Umeme kuna pazia la kanga kuukuu linaloning'inia mpaka sakafuni. Siku zote nilidhani ni la kukinga joto la bomba la mvuke. Leo pini zangu zimemwagika, nikapiga magoti kuziokota, mvuke ukapuliza pazia, nikaona weupe. Mashuka yamekunjwa, yamepangwa, yamenyooka kama yanangoja mkaguzi. Kibandiko changu chekundu kinanichungulia.

"Kaka, haya ni nini?"

Hakubabaika hata kidogo. "Akiba."

"Akiba ya nini?"

"Ya siku mbaya. Siku umeme ukikatika, au mvuke ukishuka, au mtu ukiwa na homa, ubao haujui. Unataka chaki tu. Kwa hiyo siku nzuri naweka kidogo, siku mbaya natoa." Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekamatwa. "Mama Kwanini, usinitazame mimi peke yangu. Angalia meza nyingine."

Nikaangalia. Kurwa anayo nyuma ya ndoo. Doto anayo ndani ya sanduku la sabuni. Hata Bwana Harusi ana yake juu ya kabati, ameyafunika kwa gazeti. Wagonjwa wanalalia mpira mtupu wa godoro, na mashuka yao yamekaa hapa yakingojea siku mbaya.

Meza moja tu haina akiba. Ile niliyoipekua.

Nilikuja na hasira, nikabaki nayo mkononi sijui niitupe wapi. Hawa si wezi. Hakuna hata shuka moja lililotoka nje ya jengo hili. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na ngoma tumewapa sisi. Sijamwambia Bosi. Nimewaambia wayapeleke yote hospitali leo hii, wakayapeleka, wakaweka alama zao za chaki, Umeme akavunja rekodi.

Najua wataanza tena kesho.

Jumatatu, 24 Machi

Wameanza tena. Sasa wanaficha vizuri zaidi.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi jua lilichomoza bila kuomba ruhusa. Mama mkwe akatoa magodoro nje, akaimba. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha chai. Mvua ikikatika, jina. Sikuwa tayari.

Saa nne mawingu yakarudi. Nadhani mimi ndiye mtu pekee mjini aliyesema alhamdulillahi na nguo zake zikiwa zimelowa kambani.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeshindana na nafsi yangu nimechoka. Itakuwa Konokono. Ukitoa hadithi zote, anakunja machache kuliko wenzake kila siku ya Mungu. Si mwizi, si mkaidi, ni mzito tu. Ubao hauna shangazi.

Najua nini juu yake? Ana watoto wawili shuleni na mama yake mzazi anayemtegemea. Hakai karibu na kazi. Hajawahi kuniomba ruhusa ya kuondoka mapema. Nimeyaandika hayo nikaona kama naandika sababu za kutomtaja, nikaweka kalamu chini.

Jumatatu, 7 Aprili

Bosi amefanya jambo.

Alipanda ghorofani saa tatu, kwa mara ya kwanza tangu nianze, akasimama chini ya kidole kimoja hakivunji chawa, akapiga makofi ili tunyamaze. Tulikuwa tumenyamaza tayari.

"Mwendo wenu hauniridhishi," akasema. "Hospitali wanalalamika. Kwa hiyo nawaambia wazi, mimi si mtu wa kuficha. Mvua ikikatika, wa mwisho kwenye ubao huu anakwenda nyumbani. Sasa mjitahidi."

Akaniangalia kama amenipa zawadi. Akashuka zake. Anasafiri kesho kwenda kuiangalia hiyo mashine.

Hakuna aliyemtazama Konokono, na ndivyo nilivyojua kuwa wote wanamfikiria. Yeye alikuwa anapiga pasi foronya. Aliimaliza, akaikunja, akaiweka, akachukua nyingine. Bwana Harusi akaita, kwa sauti ndogo, "Dada, nishikie." Akaenda. Nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani: hawezi kukunja shuka pana peke yake, Bwana Harusi. Hakuna anayeweza.

Jumanne, 8 Aprili

Nimerudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa, na siwezi kulala bila kuandika.

Asubuhi Umeme, wa kwanza kama kawaida, akamaliza kupiga pasi shuka pana. Akaita, "Nishikie." Hakugeuka hata kuangalia, alinyoosha tu upande wa pili hewani, kama mtu anayekabidhi koti akijua kuna wa kulipokea. Upande ukabaki hewani. Halafu ukaanguka.

"Konokono, nishikie bwana."

Konokono alikuwa anapiga foronya. Foronya haihitaji mtu wa pili. Alikuwa amebeba rundo zima la foronya asubuhi na mapema, na taulo ndogo, na kila kitu ambacho mikono miwili inatosha.

"Nina kazi," akasema.



Umeme akajaribu mwenyewe. Akatanua mikono, haikutosha. Akashika katikati kwa kidevu, shuka likamteleza, ukingo ukagusa sakafu yenye maji. Shuka lililogusa sakafu halipandi kitanda cha hospitali, linarudi kwa Baba Povu. Akachukua jingine, akalitundika pembe moja kwenye msumari wa dirisha. Likachanika. Kurwa na Doto wakajaribu kushikiana, lakini kila likikunjwa moja wanaanza kubishana chaki ni ya nani, na hao ni watu ambao nilidhani wangegawana hata jino. Bwana Harusi alimwita Umeme. Umeme akasema, "Nikija kwako, kwangu atakuja nani?" Likasikika kama swali la haki kabisa.

Mpaka mchana ngazi zilikuwa zinashuka na mashuka yaliyochafuka upya. Baba Povu akapanda na moja mkononi.

"Hili nimelifua mara mbili leo," akasema. "Mnafanya nini huku juu, mnapiga deki nalo?"

Toroli la wodi ya wazazi likashuka nusu. Saa nane simu ya kaunta ikalia, Matroni, na hakupandisha sauti, jambo lililonitisha zaidi. "Mama aliyejifungua asubuhi amelala kwenye mpira. Nimemfunika kwa kanga yake mwenyewe aliyokuja nayo. Nataka ujue tu." Akakata.

Nikamwendea Konokono. Nilikuwa na hasira, sitasema uongo. Moyoni nilikuwa namwita msaliti.

"Dada, unaitwa tangu asubuhi."

"Nimesikia."

"Mbona huendi?"

Aliweka pasi kwa kisigino. "Nikienda, chaki inaandikwa kwake. Nikirudi, pasi yangu imepoa. Nimekwenda miaka yote hiyo kwa sababu shuka haliwezi kukunjwa na mtu mmoja, na mtu akiitwa anaitika. Sikuwa nahesabu. Jana nimeambiwa kuna anayehesabu." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kunipa chaki. "Mimi nina watoto, na mama yangu ananitazama mimi. Shuka la Umeme haliwalishi."

"Lakini ungeniambia."

"Umekaa hapo tangu mvua ianze, unanitazama. Umeniona nikienda. Umeuliza kila kitu, dada, mpaka rangi ya sabuni. Hilo hukuuliza."

Nilitamani sakafu ifunguke, lakini chini yake kuna mashine.

Jioni nikatazama ubao. Konokono alikuwa wa kwanza. Ameongoza kwa mbali, Umeme wa mwisho kabisa, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akijikanda kidevu. Na siku hiyo hiyo, ya kwanza tangu kampuni ifunguliwe kwa mujibu wa Baba Povu, matoroli mawili hayakwenda hospitali kabisa.

Kumbe mwendo ule wa Umeme ulikuwa na miguu minne. Ubao ulikuwa unaona miwili.

Jumatano, 9 Aprili

Nimewakusanya kabla ya pasi kupata moto. Nikamwomba dada wa meza ya katikati radhi mbele ya wote, kwa sababu nilimpekua akiwa hayupo na nikamhukumu akiwepo. Akasema, "Yamekwisha," kwa namna inayoonyesha kwamba yatakwisha taratibu.

Halafu nikatangaza utaratibu mpya niliokaa nao usiku: anayeshika upande wa pili naye anaandika chaki yake. Nilijiona nina akili.

Mpaka saa tano hakukuwa na mtu aliyetaka kupiga pasi. Wote walikuwa wanashika. Ukinyanyua shuka tu, watu watatu wanalidaka. Umeme alikuwa anakimbia meza hadi meza kama mhudumu wa harusi, "Nikushikie? Nikushikie?" na akashika upande wa foronya ya Doto, foronya, nguo ya kuwekea mto, wakaikunja wawili kwa uso wa kazi. Dada akacheka mpaka akaketi. Ni mara ya kwanza nimesikia kicheko chake. Kinafanana na kikohozi.

Nimefuta utaratibu wangu kabla ya chakula. Afadhali niaibike leo kuliko kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekaa nao kula badala ya kula kaunta. Nikauliza swali moja tu, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kuliwashangaza kuliko swali. Nimewauliza: Matroni anangojea nini kwetu?

"Mashuka," akasema Kurwa.

"Toroli," akasema dada. "Shuka moja moja halimsaidii. Anataka toroli la wodi lijae, lifike kabla hawajawaogesha wagonjwa."

"Basi tuhesabu toroli," akasema Bwana Harusi, akijaza mdomo.

"La nani?" akauliza Umeme.

Akafikiri mwenyewe, akatafuna, akasema, "Aa."

Ijumaa, 11 Aprili

Nimefuta majina ubaoni. Nimeandika wodi badala yake. Toroli likijaa, chaki moja, ya chumba kizima.

Ndipo nikaona ajabu ambayo nikiwa mzee nitaisimulia. Toroli la kwanza lilibakiza kidogo kujaa, dereva anapiga honi chini. Doto akatazama huku, akatazama kule, akainama, akafungua sanduku la sabuni, akatoa akiba yake na kuipanga juu ya toroli. Kurwa naye nyuma ya ndoo. Bwana Harusi akapanda kiti, gazeti likaanguka. Umeme akawa wa mwisho. Alivuta pazia lake pole pole kama anavua nguo mbele za watu.

"Na siku mbaya?" akaniuliza.

"Itakuwa mbaya kwetu wote."

"Bosi atasemaje?"

 Na lile jina la kumletea, sasa hata ubao wa kulisoma sina.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna toroli lililochelewa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvuke ulishuka saa mbili nzima. Nilitazama kama wataanza kuficha. Badala yake walikwenda chini kumsaidia Baba Povu kukamua kwa mikono, na Baba Povu akalalamika kwamba wanamharibia mpangilio, akawapikia chai.

Wanagombana vile vile, nisiseme uongo. Umeme anamwambia Bwana Harusi anavuta mguu, Bwana Harusi anamwambia yeye si mkwe wake. Leo kaka huyo huyo wa meza ya kwanza ameitwa "nishikie" na dada. Akaenda. Alikuwa hajui asimame wapi, maana hajawahi kuwa upande huo.

Ijumaa, 25 Aprili

Bosi amerudi. Ameona ubao kutoka ngazini, hakuingia. Aliniuliza kwa simu, akiwa hapo chini, majina yako wapi. Nikasema nitamweleza mvua ikikatika. Akasema, "Utanieleza, na utanipa nilichokutuma."

Mama mkwe anasema siafu wamehama, mvua iko ukingoni. Nimemwomba asiwatazame siafu.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imekatika. Kutwa hakuna tone, na saa tisa Bosi akapanda.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Nilikuwa na jina pia, nilishaliamua tangu usiku: kama ni lazima litoke moja, litoke langu, nirudi kaunta au nirudi nyumbani. Nilijua mume wangu angeninunia mwezi mzima. Lakini mkono ulitangulia kinywa. Mezani kwa Doto palikuwa na shuka pana limetoka kupigwa pasi, bado lina joto, nikalichukua.

"Jina," akasema Bosi.

"Nitakupa. Kwanza nikunjie hili."

Akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akapandisha mikono ya shati. Ni mtu mrefu, alijua atalimudu. Akatanua mikono, akainua, akaukosa ukingo wa chini. Umeme akamwambia kwa heshima zote, "Jaribu kidevu, Bosi. Mimi kilinisaidia kidogo." Akajaribu kidevu. Shuka likazunguka, likamfunika kichwa, ukingo ukagusa sakafu.

"Hilo linarudi kwa Baba Povu," akasema Doto.

Akachukua la pili. Nilimwona anatazama huku na huku, jasho limemtoka juu ya mdomo, mikono imetanuka kama ameamriwa kujisalimisha.

"Basi mmoja wenu anishikie," akasema.

Sikumwita mtu. Dada wa meza ya katikati aliweka pasi yake kwa kisigino, akaja kwa mwendo wake ule ule, akachukua upande wa pili. Wakarudi nyuma, wakalinyoosha, wakakutana katikati, pembe kwa pembe. Bosi akamtazama kwa karibu. Miaka yote hiyo alikuwa amemsoma ubaoni tu.

"Wewe ulikuwa yupi kwenye majina?"

"Konokono."

Nikaona jinsi lilivyomwingia. Alitazama shuka mikononi mwake, akatazama meza moja baada ya nyingine, akanitazama mimi.

"Yule wa mwisho," akasema.

"Ndiyo, yule wa mwisho," akasema dada. "Inua upande wako, Bosi. Unaburuta."

Akainua.

Jumatatu, 5 Mei

Jua. Tumeanika nje kwa mara ya kwanza tangu nianze, uwanja mzima mweupe.

Bosi hakuuliza jina Ijumaa, alishuka ngazi ameshika koti lake. Asubuhi hii kaniita. Mashine ya pili itangojea, akasema, na toroli likichelewa bila sababu atarudi na ubao wake, nisidhani amelainika. Nikamwambia sidhani. Kisha akasema niketi. Kulikuwa na kiti cha pili.

Jioni nilikuwa naanua nguo za nyumbani. Mama mkwe alikuwa barazani, amenyoosha miguu, ananieleza ninavyokosea.

"Kwa hiyo mvua imekwisha na uso wako umefunguka," akasema. "Mlimfukuza nani huko?"

Kumbe alijua siku zote. Sijui alizipata wapi habari, na kwa mara ya kwanza sikuuliza.

"Hakuna, mama. Hebu nishikie hapa."

Akaguna, akalalamikia magoti, akainuka.